Reggie White na Green Bay: Usajili Uliozaliwa Mahakamani

Kila msimu wa usajili unapowadia, wanafunzi wangu huziacha kidogo siasa za nchi na kugeukia siasa za klabu: nani kasajiliwa, kwa kiasi gani, na je, fedha hiyo itarudi? Ni ubishi wenye manufaa, kwa kuwa huwazoeza kupima gharama na faida. Kasoro yake ni kwamba hupima kwa jicho la klabu peke yake. Nitaupima hapa usajili mmoja wa zamani katika NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ambao kwa maoni yangu haueleweki bila kwanza kufungua majalada ya mahakama.

Mnamo Aprili 1993, Reggie White, mlinzi wa mstari wa mbele aliyekuwa ameichezea Philadelphia Eagles tangu 1985, alitia saini mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 17 na klabu ya Green Bay Packers. Kazi yake ilikuwa kupenya ngome na kumwangusha mrushaji wa wapinzani kabla mpira haujamtoka mkononi. Huko Philadelphia alikuwa ameifanya mara 124 katika mechi 121, hesabu ambayo hata wasioujua mchezo huo wanaweza kuionea shani. Klabu za miji mikubwa zilimtaka. Yeye akaenda kwenye mji mdogo kuliko yote yenye timu katika ligi hiyo, wenye watu wasiozidi laki moja, baridi kali, na wakazi weusi wachache mno. Wachezaji weusi wa zama hizo waliuogopa mji huo. Makocha wa kwingineko, inasemekana, waliwatishia wakaidi kwa kuwaambia kwamba watapelekwa Green Bay.

Turudi nyuma kidogo, maana mtu aliyetia saini Aprili hakuwa na ruhusa ya kutia saini hiyo mwaka mmoja kabla.

Tangu 1963 ligi ilikuwa na kanuni iliyopewa jina la kamishna wake, Pete Rozelle. Mkataba wa mchezaji ukiisha, alikuwa huru kwa maneno tu. Klabu iliyomchukua ililazimika kuifidia klabu ya zamani, na wasipoafikiana, kamishna mwenyewe ndiye aliyekata fidia: wachezaji wangapi watolewe, na akina nani. Nani angemsajili mtu huku hajui atatozwa nini? John Mackey, mchezaji wa Baltimore Colts na rais wa chama cha wachezaji, aliipeleka kanuni hiyo mahakamani pamoja na wenzake. Jaji Earl Larson wa Minneapolis akaibatilisha mwaka 1975, na mahakama ya rufani ikaafiki mwaka 1976, kwamba ilikiuka sheria za ushindani.

Ushindi huo uliyeyuka mezani. Mkataba wa hali bora wa 1977 uliirudisha fidia kwa sura nyingine: klabu iliyomchukua mchezaji mahiri ilipaswa kutoa nafasi zake za kuchagua vijana wapya kutoka vyuoni. Kwa miaka zaidi ya kumi waliohama kwa njia hiyo walihesabika kwa vidole. Wachezaji waligoma mwaka 1987 wakidai uhuru wa kuhama. Wamiliki wakaajiri watu wa kuziba mapengo, wakaendelea na mechi, na mgomo ukafa baada ya siku 24. Mwaka 1989 ligi ikabuni mpango wake yenyewe: kila klabu iliwazuia wachezaji 37 na kuwaachia wengine. Kwa maneno mengine, uhuru walipewa wale ambao klabu hazikuwahitaji sana. Watumishi wa umma wanaonisoma wanaufahamu mtindo huu wa kutoa haki.

Kesi iliyouvunja mpango huo ilifunguliwa na Freeman McNeil wa New York Jets na wenzake saba. Septemba 1992, huko huko Minneapolis, mbele ya Jaji David Doty, jopo la wanawake wanane liliamua kwamba mpango huo uliwadhulumu wachezaji. Siku chache baadaye ikafunguliwa kesi ya kundi zima la wachezaji, na jina lililotangulia kwenye jalada lilikuwa la Reggie White. Suluhu ikapatikana Januari 1993. Kwa hiyo White hakuingia sokoni kama bidhaa iliyowekwa rafuni; aliingia kama mdai aliyeshinda.

Sasa tuupime usajili wenyewe.

Kwa misimu 25, kuanzia 1968 hadi 1992, Green Bay ilikuwa imefika hatua ya mtoano mara mbili tu. Ron Wolf, meneja mkuu, na kocha Mike Holmgren walikuwa wamekwisha kumpata mrushaji kijana, Brett Favre, ila ulinzi ulikuwa dhaifu. White aliangusha warushaji mara 13 msimu wake wa kwanza na timu ikafuzu. Ikaendelea kufuzu misimu yote sita aliyokuwapo. Januari 1997, katika fainali ya Super Bowl mjini New Orleans, Packers waliifunga New England Patriots 35 kwa 21, na White akamwangusha mrushaji wao mara tatu. Mwaka 1998, akielekea umri wa miaka 37, alichaguliwa mlinzi bora wa ligi. Milioni 17 zilirudi.

Hata hivyo, faida kubwa zaidi haikuwa katika takwimu zake. Mtu mweusi mashuhuri kuliko wote sokoni alipokubali kuishi Green Bay, wengine hawakuwa tena na sababu ya kuukwepa mji huo. Sean Jones alikuja mwaka 1994, Santana Dotson mwaka 1996, wote walinzi wa mstari wa mbele. Desmond Howard, ambaye klabu nyingine zilikuwa zimemkatia tamaa, alichukuliwa kwa bei ndogo mwaka huo huo wa 1996; katika fainali ileile aliukimbiza mpira yadi 99 hadi golini na akatangazwa mchezaji bora wa mechi. Msimu uliofuata akaenda zake Oakland kwa mkataba wa dola milioni 6. Mshabiki atamwita msaliti. Mimi naona alitumia haki ileile iliyomleta.

Si kila usajili ulizaa. Mwaka 2002 klabu hiyo hiyo ilimpa Joe Johnson, mlinzi wa nafasi ileile ya White, mkataba wa miaka sita wa dola milioni 33. Majeraha yakamwachia mechi 11 kwa misimu miwili.

Wamiliki walikuwa wamedai mbele ya mahakama kwamba uhuru wa kuhama ungeziua klabu za miji midogo. Jibu likawa Green Bay. Klabu hiyo haina tajiri mmoja; tangu 1923 ni mali ya wanahisa ambao hawapati gawio, jambo linalopaswa kuwavutia wanaojadili umiliki wa wanachama katika Simba na Yanga. Iliwezaje kushindana kwa fedha na New York? Kwa sababu tangu 1961 mapato ya televisheni ya kitaifa yaligawanywa sawa kwa klabu zote, na aliyewashawishi matajiri kukubali mgawo huo ni Pete Rozelle, yule yule wa kanuni ya fidia. Historia haituletei watu wa rangi moja. Naongeza tu kwamba uhuru wa 1993 ulikuja na bei yake: kuanzia 1994 kila klabu iliwekewa kikomo cha mishahara, dola milioni 34.6 kwa mwaka huo wa kwanza. Mchezaji aliruhusiwa kuhama, lakini kapu la mishahara likafungwa mdomo.

White alifariki Desemba 2004 akiwa na miaka 43. John Mackey, aliyetangulia mahakamani, hakuvuna mamilioni. Aliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo mwaka 1992, katika mwaka wake wa mwisho wa kustahili kupigiwa kura, na wengi waliamini kwamba ucheleweshaji huo ulikuwa malipo ya kesi yake. Baadaye akapatwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Mke wake aliwaandikia viongozi wa ligi kuhusu gharama za kumtunza, na mwaka 2007 ligi na chama cha wachezaji wakaanzisha mpango wa kuwasaidia wastaafu wenye maradhi hayo. Waliuita Mpango wa 88, kwa namba ya jezi yake.