Historia Fupi ya Kuwinda Wadudu wa Kompyuta



Wengi wetu huistaajabia kompyuta kwa wepesi wake wa kuhesabu. Ni wachache wanaojiuliza: ikikosea, kosa hilo huonekanaje, iwapo kazi yake haionekani kwa macho na hupita upesi kuliko kufumba na kufumbua?

Tuanzie Uingereza. Tarehe 6 Mei 1949, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kompyuta iitwayo EDSAC ilifanya kazi kwa mara ya kwanza. Kiongozi wake, Maurice Wilkes, alitambua mapema kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyosalia ingekwisha katika kutafuta makosa ya programu alizoandika mwenyewe. Mwanzoni mtu aliipeleka mashine amri moja moja, huku akikodolea macho kioo. Njia hiyo ilikula muda mwingi, na mashine ilikuwa moja, wahitaji wengi.

Mwaka 1951 Stanley Gill, wa hapo hapo Cambridge, alieleza njia bora zaidi: kuitumia programu moja kuichunguza nyingine. Programu chunguzi ilichukua kila amri ya ile yenye kosa, ikaitekeleza, na kupiga chapa alama yake karatasini. Mtafiti aliondoka na karatasi yake akaisome kwa utulivu, akawaachia wenzake mashine.

Huko Marekani, katika chuo cha MIT, zilifuata programu chunguzi mbili: FLIT kwa kompyuta ya TX-0, kisha DDT kwa kompyuta ya PDP-1. Hayo yalikuwa majina ya dawa za kuulia wadudu, kwani mafundi huliita kosa la programu "mdudu". Sasa mtu aliweza kukaa mbele ya mashine na kuiagiza programu yake: ukifika hapa, simama.

Je, husimamaje? Programu chunguzi huiondoa amri iliyopo mahali palipochaguliwa, huihifadhi pembeni, na badala yake hutega mtego. Katika kichakataji cha Intel 8086 cha mwaka 1978, mtego huo ni baiti moja tu. Programu ikiukanyaga, mfumo wa uendeshaji huizuia na kumpa habari mchunguzi. Naye hukagua kumbukumbu, hubadilisha thamani akitaka, huirudisha amri ya asili, kisha huiruhusu programu iendelee.

Lakini ziko kazi zisizoweza kusimamishwa. Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilitua katika sayari ya Mirihi. Baada ya siku chache kompyuta yake ilianza kujizima na kujiwasha yenyewe, na kazi ya siku ikakatika. Hakuna fundi awezaye kupanda ngazi mpaka Mirihi! Wahandisi walichukua kompyuta ya mfano iliyobaki duniani, wakawasha programu ya kuandika kila tukio, wakangoja hadi hitilafu ikajirudia.

Kumbukumbu zile zilionyesha jambo ambalo sisi watu wa ofisini tunalifahamu. Ni kama karani mdogo aliyeshika ufunguo wa kabati la mafaili. Mkuu wa idara anaungoja, lakini maofisa wa kati wanamtuma karani huku na huko, hata kazi ya mkuu ikachelewa. Dawa ilikuwa kumpa karani cheo cha mkuu kwa muda ule anaoshika ufunguo. Marekebisho yalipelekwa kwa redio, na chombo kikatulia.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Chombo kile kiliponywa kwa sababu waliokitengeneza waliacha ndani yake njia ya kukichungulia. Vijana wetu, mtakapojenga mitambo, au hata mtakapoongoza ofisi, wekeni tangu mwanzo mahali pa kusimama na kukagua. Kosa litakuja tu, jitayarisheni kuliona.