Villa, boyeri na mgeni: kutengeneza nyumba ya zamani mu Bukavu

Methali inasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi methali hii imekuwa pia biashara. Kandokando ya ziwa Kivu, tangu La Botte mpaka Muhumba na Nguba, nyumba nyingi zenye zilijengwa wakati wa ukoloni zimegeuzwa oteli, nyumba za wageni ao maofisi. Si vibaya, kwani nyumba yenye haina mtu inakufa upesi. Lakini tujiulize: wakati tunatengeneza nyumba ya zamani ili mgeni alale ndani, tunachunga nini na tunatupa nini?

Tukumbuke kwanza historia. Wazee wanaeleza jina Bukavu kwa lugha ya mashi: bu'nkafu, shamba la ng'ombe. Kuanzia 1927 mpaka miaka ya 1950 Wabelgiji waliita mji huu Costermansville, kwa heshima ya Paul Costermans, makamu wa gavana mkuu katika Kongo ya Leopold II. Mji uligawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikaa Ibanda, karibu na maji. Weusi walikaa Kadutu, na mu miaka ya 1950 Bagira vilevile, yenye ilijengwa na OCA, ofisi ya serikali ya kujenga miji ya Waafrika.

Hata hivyo kulikuwa weusi wenye walilala Ibanda kila usiku. Nyuma ya villa kulikuwa nyumba ndogo: chumba kimoja ao viwili, dirisha dogo, choo inje. Ile njo boyeri. Mule walilala mpishi, boyi na zamu. Jina lenyewe linatoka kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mtoto mwanaume. Njo jina waliitia baba mzima, mwenye bibi na watoto.

Villa zenyewe zilijengwa kwa akili, na kwa mikono ya mafundi na wafanyakazi weusi. Msingi wa mawe, matofali ya kuchoma, kuta nene, baraza yenye kutazama ziwa. Kwa sababu mji uko karibu metre 1.500 juu ya bahari na usiku kuna baridi, nyumba nyingi zilipewa mahali pa kuwasha moto sebuleni. Kisha zikapita mambo mengi: vita vya mamluki wa Jean Schramme mu 1967, zairianisasio ya 1973 yenye ilibadilisha wenye mali, wakimbizi wa 1994 na mashirika ya misaada yenye yalikodi nyumba, vita vya 1996 na 2004, na tetemeko la tarehe 3 februari 2008. Ufa wenye tunaona leo mu ukuta unaweza kuwa na baba wengi.

Ndiyo maana fundi asianze na rangi. Aanze na maji. Mji wetu umejengwa juu ya vilima, na udongo wake unatembea. Kama mfereji wa manjanja umetoboka, mvua inashuka kwenye msingi. Ukiziba ufa kwa simenti bila kuondoa yale maji, ufa utarudi. Pili, atazame mbao za paa kabla ya kugusa kuta. Tatu, asivunje kuta za ndani ovyo ili kupata vyumba vingi, maana kuna kuta zenye kubeba nyumba nzima. Nne, mwenye parcelle asiuze bustani kipande kwa kipande. Mgeni anakuja kwa ajili ya ziwa. Ukijenga etaji mbele ya baraza, umeuza kitu chenye kilimleta.

Majirani wetu wa Afrika ya Mashariki wametupa mafundisho mawili. Kule Zanzibar, Mji Mkongwe uliingia mu orodha ya UNESCO mwaka wa 2000. Mu miaka ya 1990 jengo la zamani la simu na nyumba yenye walikaa madaktari Wachina vilitengenezwa vikawa oteli ya Serena, na sura yake ya mbele ya bahari ikabaki. Lakini Beit al Ajaib, jumba la sultani la 1883, lilianguka kwa sehemu kubwa tarehe 25 desemba 2020, wakati lilikuwa katika matengenezo, na watu wawili walikufa. Nyumba yenye imechelewa kupata fundi inaweza kuanguka hata mikononi mwake.

Turudi kwa boyeri. Mara nyingi mwenye nyumba anatengeneza villa, na boyeri anaibomoa ili magari yapate nafasi. Wengine watasema: ilikuwa nyumba ya haya, ibomolewe! Tunasikia uchungu wao. Lakini kama villa inabaki na boyeri inapotea, mgeni atalala mu historia ya bwana peke yake, na watoto wetu watafikiri ile baraza ilijifagia yenyewe. Haya haikuwa ya mpishi.

Boyeri inaweza kuwa chumba kizuri cha mgeni: ipewe dirisha la kutosha, choo na maji ndani, na pembeni ya mlango maandishi mafupi yenye kusema nani alilala pale na alifanya kazi gani. Hiyo haiombi pesa nyingi. Inaomba mtu wa kuuliza, na wa kuuliza wanapungua. Aliyekuwa boyi mwenye miaka 20 mu 1955 leo amepita 90.

Kuna sheria, ile ordonansi-sheria 71-016 ya tarehe 15 machi 1971 juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni. Lakini sheria haifagie mfereji, wala haiandike jina la mzee. Na vita, kama vile M23 iliingia mji mu februari 2025, vinaweza kuzuia wageni kwa muda mrefu. Kwa hiyo tusitengeneze nyumba kwa ajili ya mgeni tu. Walimu wa historia tutume wanafunzi kwa wababu na watate wao, na kalamu na daftari. Wenye villa wafungue milango. Mgeni akifika, atakuta wenyeji wenye wanajua nyumba yao, pamoja na ile ya nyuma.