Muhuri na Kompyuta: Maana za Kazi na Mapokezi ya Teknolojia ya Forodha katika Mpaka wa Rusizi I

Makala haya yanajadili jinsi maana ambazo watu huzipa kazi yao zinavyoathiri mapokezi ya teknolojia mpya ya habari. Mfano wetu ni Rusizi I, kivuko kati ya Cyangugu, Rwanda, na Bukavu, Kongo, kinachotumiwa hasa na watembea kwa miguu na magari madogo. Malori hupitia Rusizi II.

Forodha za nchi zote mbili hutumia mfumo ulioanza kubuniwa na UNCTAD mwaka 1981. Rwanda huuita ASYCUDA, Kongo, Sydonia. Hata hivyo, programu moja haizai desturi moja ya kazi. Mwaka 1992 Wanda Orlikowski alionyesha kwamba, katika kampuni ya washauri nchini Marekani, programu ya kubadilishana maarifa haikutumiwa ilivyotarajiwa. Mahali pale mtu alipandishwa cheo kwa ujuzi wake binafsi, hivyo kuugawa kulikuwa kujipunguzia thamani.

Mpakani, thamani hiyo imo katika muhuri. Mwaka 2002 serikali ya Kongo iliagiza huduma nne tu zibaki mipakani: forodha, uhamiaji, ukaguzi wa bidhaa na afya. Utafiti wa Benki ya Dunia uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu wachuuzi wa Maziwa Makuu, wengi wao wanawake, ulikuta idara nyingine zingali zikidai malipo. Kwa idara kama hizo, mfumo unaoandika kila tozo ni tishio la riziki. Kwa ofisa wa forodha, waweza kuwa kinga ya jina lake.

Mchuuzi naye ana hesabu yake. COMESA imeweka fomu rahisi kwa bidhaa za thamani ndogo, lakini utafiti uleule ulibaini kwamba wachuuzi na maofisa pia hawakuzifahamu vyema kanuni. Kwa aliyezoea kupita kwa kufahamiana, karatasi rasmi huonekana kuwa mlango wa kudaiwa zaidi.

Tunapendekeza, basi, kwamba kabla ya kufunga mitambo, watunga sera waulize ni cheo cha nani kitapungua na ni nani atakayelindwa. Orodha ya tozo ibandikwe hadharani kwa Kiswahili na Kinyarwanda, na kila malipo, hata ya kikapu kimoja cha nyanya, yatolewe stakabadhi. Bila hayo, kompyuta itawahudumia wenye shehena kubwa, na mchuuzi atabaki mikononi mwa mwenye muhuri.