Afya ya mbwa wafuatiliaji kazini

Mbwa wafuatiliaji ni mbwa waliofunzwa kufuata harufu ya mtu ardhini hadi alipo, na mashariki mwa Kongo kikosi chao kinachojulikana zaidi ni kile cha Hifadhi ya Taifa ya Virunga, kilichoanzishwa mwaka 2011 kwa mbwa wa aina ya bloodhound, kwa msaada wa daktari wa mifugo kutoka Uswisi, Marlene Zähner. Adui wao wa kwanza ni joto, kwa kuwa mbwa hupoa hasa kwa kuhema, na bloodhound akishashika harufu haiachi hata akichoka, hivyo ni wajibu wa mwongozaji kumsimamisha. Joto la mwili, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika, na mbwa hupelekwa kivulini na kumwagiwa maji papo hapo. Hatari hiyo huzidi katika maeneo ya chini, kama ufuko wa Ziwa Tanganyika kutoka Baraka hadi rasi ya Ubwari.

Adui wa pili ni wanyonya damu. Mbung'o hueneza nagana, ugonjwa wa vijidudu vya damu viitwavyo tripanosoma, ambao huweza kulitia jicho la mbwa ukungu mweupe na kumuua asipotibiwa mapema. Kupe nao huambukiza babesia, inayoharibu chembe nyekundu za damu, kwa hiyo kila jioni mbwa hupekuliwa katikati ya vidole, chini ya mkia na ndani ya masikio, ambayo kwa bloodhound ni marefu, hushika unyevu na huoza upesi yasipokaushwa.