Mambo ya kutimiza nyumbani kabla ya safari ya kazi ng'ambo

Mkenya anayepata kazi ng'ambo kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili aghalabu hufikiria kwanza pasipoti, viza na tiketi ya ndege. Ni kweli kwamba pasipo hivyo vitatu hakuna safari. Hata hivyo, karatasi zitakazomlinda akiwa ugenini, pamoja na zile zitakazolinda mali na wanawe aliowaacha nyuma, ni nyingine kabisa, na karibu zote hutengenezwa hapa nchini. Akishaabiri ndege, uwezo wake wa kuzirekebisha hupungua mno.

Safari hizi zimekuwa sehemu kubwa ya uchumi wa taifa. Kulingana na takwimu za Benki Kuu ya Kenya, mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9. Sehemu kubwa ilitoka Marekani, lakini Saudia, ambako maelfu ya wasichana na wavulana huenda kufanya kazi za nyumbani, udereva na ulinzi, imo miongoni mwa nchi zilizofuata.

Serikali yenyewe imewahi kuyumba kuhusu suala hili. Mwaka 2012 ilipiga marufuku kupeleka wafanyakazi wa nyumbani Mashariki ya Kati kufuatia malalamiko ya dhuluma, mwaka 2014 ikafuta leseni za mawakala, kisha mwaka 2017 ikairuhusu biashara hiyo tena chini ya masharti mapya na makubaliano na Saudia. Katika miaka ya marufuku watu hawakuacha kusafiri. Walipitia njia za panya, na waliopatwa na madhila hawakuwa na mkataba wowote wa kuonyesha.

Wakala na mkataba

Hatua ya kwanza basi ni kumjua wakala. Anayeajiri Wakenya kwa kazi za nje sharti asajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na orodha ya waliosajiliwa huwekwa wazi kwa umma. Usajili huwa na muda wake, kwa hivyo jina lililokuwamo mwaka jana huenda halimo tena. Inafaa msafiri athibitishe pia kwamba ofisi anayopeleka stakabadhi zake ndiyo hasa yenye leseni, kwa sababu wapo madalali wa vijijini wanaotumia jina la kampuni ambayo haiwatambui.

Ikiwa wakala anadai msafiri aondoke kwa viza ya matembezi kisha "abadilishiwe" akifika, hiyo ni ishara ya hatari. Mwenye viza ya matembezi si mfanyakazi mbele ya sheria za nchi za Ghuba, na akidhulumiwa huanza kujitetea akiwa tayari ni mkosaji. Ndivyo pia walivyonaswa Wakenya walioahidiwa kazi nono za kompyuta nchini Thailand mnamo 2022, wakajikuta wamevushwa hadi Myanmar na kulazimishwa kuendesha ulaghai mitandaoni. Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010 inatoa adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua Sh30 milioni kwa mlanguzi. Adhabu ni kali, lakini haimrudishi nyumbani aliyekwisha kuvushwa mpaka.

Wengi hawajui kwamba sheria ya Kenya ina sehemu nzima inayohusu kandarasi za kazi za ng'ambo. Vifungu vya 83 hadi 86 vya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 vinaagiza mkataba huo uandikwe kwa muundo uliowekwa, utiwe sahihi na pande zote mbili, kisha uidhinishwe na afisa wa leba. Afisa huyo hatakiwi kugonga muhuri tu. Sharti aridhike kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari yake bila kulaghaiwa wala kushurutishwa, ameelewa masharti, ana afya ya kuifanya kazi hiyo, na hafungwi na mkataba mwingine. Mwajiri asiyeishi humu nchini naye hutakiwa kuweka dhamana. Anayemshawishi mtu aende nje bila mkataba wa namna hiyo anatenda kosa.

Siku ya kufika mbele ya afisa wa leba kwa hivyo ndiyo siku muhimu zaidi katika safari nzima, ingawa wasafiri wengi huitazama kama foleni nyingine ya kuvumilia. Hapo ndipo mahali pa kuuliza maswali: mwajiri ni nani na anaishi mji gani, kazi ni ipi hasa, mshahara ni kiasi gani na kwa sarafu gani, siku ya mapumziko ni ipi, nani atalipa tiketi ya kurudi, na mkataba ukivunjika katikati itakuwaje.

Lugha nayo ina uzito wake. Mikataba ya Saudia huandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza, na mzozo ukifika mbele ya wakuu wa huko, maandishi ya Kiarabu ndiyo yanayofuatwa. Mwenye jirani, ustadhi au jamaa anayesoma Kiarabu vyema angempelekea nakala alinganishe tarakimu kabla sahihi haijatiwa. Pwani watu wa namna hiyo hawakosekani.

Ni vyema pia kujua haki zinazotambuliwa na nchi yenyewe. Kanuni mpya za Saudia kuhusu wafanyakazi wa nyumbani, zilizoanza kutekelezwa Oktoba 2024, zinaweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku, mapumziko ya saa 24 kila wiki, na zinamkataza mwajiri kuzuilia pasipoti ya mfanyakazi. Qatar iliondoa sharti la kibali cha mwajiri kwa anayetaka kubadilisha kazi mwaka 2020, na tangu Machi 2021 ina mshahara wa chini wa riyali 1,000 kwa mwezi, wafanyakazi wa nyumbani wakiwemo. Kanuni zilizo kitabuni si lazima ziwe ndizo zinazofuatwa jikoni mwa mwajiri, lakini anayezijua huweza kuzitaja anapolalamika. Asiyezijua hudhani anaomba hisani.

Kuhusu gharama, msafiri anayekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani afahamu kwamba ada ya kuajiri, viza na tiketi ni mzigo wa mwajiri. Anayetozwa maelfu ya shilingi kwa jina la "viza" ana haki ya kuuliza fedha hizo zinakwenda wapi na kudai risiti.

Uchunguzi wa kiafya hufanywa katika vituo vilivyoteuliwa na nchi za Ghuba, na hupima miongoni mwa mengine kifua kikuu, HIV, homa ya ini na ujauzito. Anayepatikana na mojawapo huzuiwa kusafiri, kwa hivyo si busara kuacha kazi au kuuza ng'ombe kabla ya majibu kutoka. Cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai huombwa kupitia eCitizen na kinahitaji alama za vidole. Pasipoti nayo iwe na zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha muda. Chanjo ya homa ya manjano, kwa nchi zinazoidai, idungwe angalau siku 10 kabla ya safari. Cheti chake sasa hudumu maisha.

Kwa wauguzi wanaokwenda Uingereza chini ya makubaliano ya mwaka 2021, au mafundi wanaolenga Ujerumani baada ya mkataba uliotiwa sahihi Berlin mnamo Septemba 2024, maandalizi huchukua miezi mingi zaidi, kwa sababu usajili wa taaluma na mtihani wa lugha hutangulia viza.

Fedha zitakazotumwa

Hesabu ya fedha huharibika mapema kuliko watu wanavyodhani. Chukua mshahara wa riyali 1,000 za Saudia. Riyali imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.75 tangu 1986, na dola ikiwa Sh129, mshahara huo ni kama Sh34,000. Msafiri aliyekopa Sh80,000 kwa shailoki anayetoza asilimia 20 kwa mwezi atadaiwa riba ya Sh16,000 kila mwezi, karibu nusu ya kipato chake, kabla deni lenyewe halijapungua hata shilingi moja. Heri kungoja mwaka mwingine kuliko kuondoka na mkopo wa aina hiyo.

Mshahara wa kwanza nao hauji siku ya kwanza. Mwezi wa kwanza hupita, na pengine wa pili, kabla ya fedha kufika nyumbani. Familia inayoachwa na unga wa wiki mbili itaanza kupiga simu za kulia wakati ambapo mfanyakazi hana lolote la kutuma, na kilio hicho kimewafanya wengine kutoroka kwa mwajiri bila mpango. Akiba ya karo na chakula cha angalau miezi mitatu ni sehemu ya nauli, ingawa haiandikwi kwenye tiketi.

Fedha za matumizi na fedha za akiba zisipitie mkono mmoja. Za matumizi zinaweza kutumwa kwa anayelea watoto kupitia M-Pesa. Za akiba ziende kwenye akaunti ya chama cha akiba na mikopo au benki iliyo kwa jina la msafiri mwenyewe, na ifunguliwe kabla ya kuondoka kwa sababu sahihi na kitambulisho vitahitajika. Visa vya mtu kurudi akakuta nyumba aliyojengewa kwa maneno tu si vigeni katika kijiji chochote cha Kenya. Mara nyingi ndugu aliyepokea hela hakuwa mwizi tangu mwanzo; alikuwa na shida zake, na hapakuwa na karatasi iliyotenganisha shida zake na hela za mwenzake.

Laini ya simu nayo ni mali. Benki, M-Pesa na eCitizen hutuma nambari za siri kwenye laini ya Kenya, na laini isiyotumika kwa miezi kadhaa huweza kufungwa na kupewa mtu mwingine. Huduma ya kuitumia ng'ambo iwashwe msafiri akiwa bado nchini.

Asisahau madeni ya serikali. Mwenye PIN ya KRA anatarajiwa kuwasilisha ripoti yake kufikia Juni 30 kila mwaka, na kuchelewa kuna faini ya Sh2,000. Bima ya NHIF ilibadilishwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) mnamo Oktoba 2024, hivyo watoto na mzazi mzee wasajiliwe na mchango ulipwe kabla ya safari. Mtoto akilazwa usiku, aliye Riyadh hataweza kupeleka chochote kabla ya asubuhi.

Ardhi, watoto na wosia

Msafiri mwenye shamba au ploti anahitaji kuamua nani atatenda kwa niaba yake. Hati ya uwakilishi huandaliwa na wakili, na ikihusu ardhi husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012. Isiwe pana kupita kiasi: kumpa mtu idhini ya kukodisha shamba kwa msimu mmoja ni tofauti na kumpa idhini ya kuliuza. Hati miliki yenyewe ni afadhali iachwe benki au kwa wakili kuliko chini ya godoro la shangazi.

Wengine huona kuandika wosia kabla ya safari ni kujitakia mabaya. Lakini sheria ya urithi ya Kenya haitambui maneno ya mdomo kwa muda mrefu: wosia wa kutamka mbele ya mashahidi wawili hufaa tu ikiwa aliyeutamka atafariki katika muda wa miezi mitatu. Anayekwenda kwa mwaka mzima, basi, aliyowaambia wazee siku ya kuagana hayatakuwa na nguvu kortini. Wosia ulioandikwa, ukatiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili, hauna kikomo hicho.

Kuhusu watoto, mlezi awe mmoja anayejulikana, hata kama nyumba ina nyanya, shangazi na wajomba. Shule ipelekewe barua inayomtaja, naye apewe nakala za vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki. Mtoto mwenye umri wa kuelewa aambiwe ukweli kuhusu muda wa safari. Akidanganywa kwamba mama ameenda sokoni atasubiri mlangoni, na mlezi ndiye atakayejibu maswali.

Siku za mwisho

Mizigo haina mengi. Miraa, hirizi na dawa za kienyeji zisizo na maelezo humtia mtu kizuizini katika viwanja vya ndege vya Ghuba. Dawa zenye kodeini au tramadoli, hata za hospitali, hazibebwi bila barua ya daktari na idhini ya nchi husika.

Nakala za pasipoti, viza na mkataba ziachwe kwa watu wawili nyumbani, na picha zake ziwekwe kwenye baruapepe, kwa kuwa simu ni kitu cha kwanza kuchukuliwa na mwajiri katili. Wengine hukubaliana na jamaa zao neno moja la kawaida ambalo likitajwa kwenye simu maana yake ni "niko hatarini", kwani mwajiri huenda anasikiliza.

Nambari za ubalozi ziandikwe kwenye karatasi. Kenya ina balozi Riyadh, Abu Dhabi, Doha, Kuwait na Muscat. Lebanon haina ubalozi kamili wa Kenya, na masuala ya Wakenya walioko huko hushughulikiwa kutoka Kuwait. Anayepewa kazi Beirut ajue hivyo kabla ya kutia sahihi. Akishafika, ajiandikishe na ubalozi katika wiki ya kwanza, akitaja jina la mwajiri na mtaa anakoishi, kisha atume maelezo hayo hayo nyumbani.