Nani Alileta Paka na Mbwa Kisumu?

Nikiwa darasa la sita niliandika insha ya Kiingereza ambayo mvua ilinyesha paka na mbwa, mhusika alikuwa mzima kama fidla, na nyanya yake alimpenda kama tufaha la jicho lake. Nilipata 36 kwa 40. Mwalimu akanisimamisha niisome mbele ya darasa na wasee wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza hao paka walitoka wapi.

Kama ulipitia KCPE, unaijua hii biashara. Ule mtihani ulianza 1985 na wa mwisho ukafanywa 2023, na insha ya Kiingereza ilikuwa na dakika 40 na alama 40. Kila mtu alikuwa na kadaftari ka nahau. "Once in a blue moon", yaani mara chache sana. "Let the cat out of the bag", yaani kutoboa siri. Tulikariri kama namba za simu, halafu tukazimwaga kwa karatasi hata pale hazikuhitajika. Mhusika wa insha yangu hata hakuwa mgonjwa. Afya yake ilikuwa inanihusu nini?

Siku hiyo jioni nilimsomea dani, nyanya yangu, hiyo insha. Nilifikiri atafurahi. Akaniuliza tu, "Na hiyo mvua wewe uliiona?" Ndipo akanisimulia kuhusu diski.

Dani alisoma miaka ya sitini, kwa shule ya kijijini upande wa ziwa. Diski ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba. Ukishikwa ukiongea Dholuo, unavalishwa shingoni. Wewe nawe unatega masikio hadi umpate mwingine akiteleza, unampa. Jioni wote walioivaa siku hiyo wanatandikwa. Sasa siku moja aliona wingu likipanda kutoka ziwani, zile nguo walizofua zikiwa bado kwa nyasi, akapiga kelele, "Koth chwe!" Mvua inanyesha. Rafiki yake wa dawati moja ndiye alimripoti. Dani anasema fimbo alisahau. Rafiki hajamsahau.

Hiki si kisa cha shule moja. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika kuhusu adhabu kama hiyo upande wa kwao Limuru, kwenye kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind. Lakini tusirahisishe mambo ati mzungu alifika na reli Kisumu 1901, akashuka na Kiingereza mkononi. Kwa miaka mingi watoto wa Nyanza walianza kusoma kwa Dholuo, na Kiingereza kilikuja madarasa ya juu. Serikali ya kikoloni hata haikuwa na haraka ya kukupa lugha yake. Karani mmoja hapa na mkalimani mmoja pale walitosha. Mambo yaligeuka miaka ya hamsini. Hali ya hatari ilitangazwa 1952, na kuanzia 1957 kukawa na mpango mpya, ulioanzia shule za Wahindi Nairobi, wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Halafu uhuru ukaja, na 1964 tume ya Simeon Ominde, mwana wa Nyanza, ikaunga mkono Kiingereza kuanzia siku ya kwanza shuleni. Yaani diski aliyovaa dani ilikuwa ya Kenya huru. Hapo ndipo huwa nakwama.

Naandikia haya Milimani, na msinifikirie mtoto wa tajiri: tunakaa SQ. Huu mlima wenye upepo wa ziwa ndio wazungu wa serikali walijichagulia nyumba, na wapishi na watunza bustani wakapewa vyumba vya nyuma kama hiki chetu. Kwa zile nyumba za mbele, "raining cats and dogs" yalikuwa maongezi tu ya kawaida. Msemo wenyewe ulikuwa mzee tayari; Jonathan Swift aliuchapisha 1738, na mpaka leo Waingereza wenyewe wanabishana ulianzaje. Sisi tuliupata kama jibu la mtihani.

Kinachoniuma zaidi ni ile fidla. "As fit as a fiddle" ni kuwa na afya nzuri kabisa, na mwalimu alituambia fidla ni chombo cha muziki cha Ulaya, tukaandika hivyo. Si tuna orutu! Fidla ya waya mmoja, ya Wajaluo, inayopigwa kwa upinde kwenye matanga na harusi hadi leo. Mjomba wa mmoja wetu darasani alikuwa anaipiga. Dakika moja tu ingetosha kutuonyesha msemo huo una mwili.

Kuna nahau zingine ambazo Kisumu ilizielewa bila daftari. "White elephant" ni mradi uliokula pesa nyingi na haumfaidi mtu. Kile kiwanda cha molasesi kilianza kujengwa mwisho wa miaka ya sabini, kikakwama mwanzoni mwa themanini, kikakaa miaka na miaka kabla ya kufufuliwa. Wazee wa hapa hawakuhitaji mwalimu wa kuwaeleza huyo tembo.

Na kabla mniite mpinga Kiingereza, kwa insha ya Kiswahili tulifanya dhambi ileile. Nani hapa hakuwahi "kurauka alfajiri na mapema" huku jua likitabasamu? Mimi nilipiga moyo konde mara tatu kwa ukurasa mmoja.

Wiki jana binamu yangu mdogo alikuja na orodha ya nahau kumi za Kiingereza za kukariri. Nilimchezea orutu kwa simu tulipofika ile ya fidla. Ya mvua nilimwachia dani. Alimweleza kwa Dholuo.