Ukaa

Maofisini wanasema "hewa ukaa", sokoni "kaboni". Mzizi wa neno la kwanza ni wetu: kaa, la moto, ndugu wa mkaa. Tangu 2022 Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni, na kituo cha taifa cha kuifuatilia kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Wanorwe walianza mapema kuirudisha hewa hiyo ardhini. Tangu 1996, kwenye uwanja wa gesi wa Sleipner, hewa ukaa inashindiliwa chini ya sakafu ya bahari, katika miaka ya mwanzo karibu tani milioni moja kwa mwaka. Kazi hiyo tumezoea kuiita "kunasa". Mie silipendi neno hilo. Kilichonaswa hupapatika, kikipata upenyo kikachomoka. Afadhali "kufukia".

Mikoko nayo hufukia. Nenda pwani ya Kaole, Bagamoyo, maji yakipwa. Tope la mikoko ni jeusi, linanuka yai viza, linameza mguu hadi kwenye ugoko. Majani na mizizi huzama humo, na kwa kuwa tope halina hewa, haviozi upesi. Ukaa wake hukaa humo karne na karne (ndiyo, hukaa; lugha nayo ina mizaha yake). Mikoko ikikatwa kwa boriti au kuni za tanuri la chokaa, tope likavurugwa, ukaa hurudi hewani.

Gazi, kusini ya Mombasa, wenyeji wa mradi wa Mikoko Pamoja wameuza ufukiaji huo tangu miaka ya 2010. Sehemu ya fedha imeingia kwenye maji ya kijiji na shule.